Kiti cha Kukunja

Mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho ya bunduki alikaa mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha haiingii silaha yenye risasi. Burl Stidham alimkabidhi rivolva yake ikiwa imeviringishwa ndani ya taulo la jikoni. Mama yule akalifungua gurudumu la risasi, akachungulia matundu yote, akapitisha kamba ya plastiki na kuikaza, kisha akampiga Burl muhuri wa wino wa buluu mgongoni mwa mkono.

"Inakuja na mtu?" akauliza.

"Haina mtu. Ilikuwa ya marehemu baba. Haijaua hata panya."

"Haya, pita. Na usiniachie mtu amesimama humo ndani. Viti viko ukutani, kila mtu ajichukulie."

Viti hivyo vilikuwa vya bati, vya kukunja, vile vile vinavyotumika kwenye mikutano ya wakulima na kwenye harusi za watu wasio na haraka ya kulipa. Sheria za ukumbi zilibandikwa ukutani juu ya viti: risasi marufuku, sigara marufuku, chakula cha kutoka nje marufuku. Chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu nene kwamba mwenye bunduki iliyoua ampe kiti aliyekuja nayo. Zamani hao waliouawa walikuwa wakisimama tu nyuma ya wauzaji, na wanunuzi wakajikwaa, wakalalamika. Wanyama hawakuruhusiwa ndani. Kulungu waliokuja na bunduki za kuwindia walibaki uwanjani katikati ya magari, wakilamba chumvi ya barabarani iliyoganda kwenye matairi, na asubuhi hiyo Burl alipiga honi mpaka akachoka ndipo akapata mahali pa kuegesha.

Hakuwa mwindaji wala mchuuzi. Alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama mbele kwa miaka ya kushika usukani kwenye kona za milima hii ya mashariki ya Kentucky. Aliyemtuma pale ni mkewe, Nadine. Wiki iliyopita Nadine alirudi kutoka kwa mtengeneza nywele, hata koti hakuvua.

"Tonya yuko kwa Chester Ratliff," alisema. "Yuko pale mezani kwake tangu kabla ya Krismasi. Dunia nzima inajua isipokuwa wewe."

Burl aliendelea kumenya viazi. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Wangekwambiaje? Si wewe uliyeiuza ile bastola?"

Nadine aliosha mikono, akakausha kila kidole peke yake, kama afanyavyo akikasirika. Halafu akasema, "Kamlete. Na usinirudie na mbwa kama mara ile."

Basi ndiyo safari yenyewe. Burl alipita kwenye meza za visu, za nyama iliyokaushwa, za mishumaa yenye harufu ya tufaha, akisalimia huku na huku. Alipita meza ya mzee mwenye bunduki za vita vya zamani, ambako kijana mmoja wa Kijerumani amekaa mwaka hadi mwaka kwenye kiti chake, magwanda kifungo hadi shingoni. Mwenye bunduki hakubali kupunguza bei. Kijana amekwisha jifunza lugha ya wenyeji, na ukimuuliza anakwambia mwenyewe kwamba bei ile ni wizi mtupu.

Meza ya Chester ilikuwa mwishoni, karibu na choo. Chester hakuwa na duka wala leseni. Alikuwa mtu binafsi anayeuza mali yake binafsi, na alifanya hivyo kila maonyesho yalipofunguliwa, kwa hiyo hakuwa na haja ya kupiga simu serikalini, kama wenye maduka, kuuliza mnunuzi wake ni nani. Nyuma yake alipanga viti, kimoja kwa kila bastola, hata zile safi, kwa sababu wanunuzi hupenda kukiona kiti kitupu kwa macho yao.

Tonya Slone alikaa kwenye kiti cha pili kutoka mwisho. Alivaa gauni la nyumbani, na soksi mguu mmoja tu, ya pili ilipotea kwenye purukushani. Nywele zilikuwa zimechanwa vizuri. Begani alikuwa na sweta ya manjano aliyoletewa na mke wa Chester, kwani ukumbi ule una baridi mpaka hita zishike moto.

"Shikamoo, Mzee Burl," akasema.

"Marahaba, Tonya."

Burl alikuwa akimbeba kwenye basi tangu darasa la kwanza. Alikuwa mtoto wa kutapika kwenye kona, na watoto wa aina hiyo huketi kiti cha mbele, nyuma ya dereva, na ndoo miguuni. Miaka yote hiyo Burl alimwona kwenye kioo kile kidogo cha juu, amefumba macho, amekaza midomo, akingoja kona ziishe. Sasa alikuwa amefumbua macho, na Burl ndiye aliyetafuta pengine pa kutazama.

"Chester," akasema, "nataka ile."

"Yenye Tonya?" Chester alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi, akakiweka chini. "Burl, hii si ilikuwa yako?"

"Ndiyo."

"Mwanamume wewe! Unamwacha mke halafu unarudi kumposa upya!" Akacheka peke yake. Kisha akaona uso wa Burl, akajirudi. "Sikiliza, nikwambie ukweli. Mahakama ilipomalizana nayo, serikali ikaipiga mnada, sheria ya jimbo ndivyo isemavyo. Mwenye duka aliyeichukua akanipa kwa bei ya kutupa, mkewe hataki kuona mwanamke mwingine nyumbani. Lakini huyu bibie hana neno. Hali, hanywi, hakoromi. Akinyamaza unamsahau kabisa."

"Sijanyamaza," Tonya alisema. "Hakuna anayeniuliza kitu."

"Haya, na hilo nalo," Chester akasema.

Burl alilifungua taulo. Rivolva ya baba yake ilikuwa na mpini wa mti wa jozi uliong'aa kwa kushikwa, na mtutu usio na alama hata moja ya kutu. Chester aliiinua, akaipima kiganjani, akapiga mluzi taratibu.

"Unataka tubadilishane? Hii kwa ile?"

"Hii kwa ile."

"Sikudanganyi, unapata hasara. Yako ni safi. Safi inaondoka kabla sijamaliza hii kahawa."

"Nimeshasema, Chester."

Lakini walikuwa hawajapeana mikono, na katika ukumbi ule neno si neno mpaka mikono ikutane. Chester alienda kwanza kujaza kikombe, maana hafanyi biashara mkono mmoja ukiwa hauna kahawa. Burl akabaki na Tonya, na meza katikati yao.

"Mzee Burl," Tonya akasema, "siku ile ya maharage, uliona?"

Ilikuwa chakula cha jioni cha kanisa, Agosti, joto la kumkausha mtu koo. Wanawake walisimama nyuma ya meza ndefu wakipakua, na Tonya peke yake alivaa mikono mirefu. Alipoinua upawa wa maharage mabichi, mkono wa blauzi ulirudi nyuma, na pale kwenye kifundo cha mkono palikuwa na alama za vidole, zambarau zinazoelekea kuwa manjano. Burl alikuwa ameshika sahani yake. Aliziona zote, hadi ile ya kidole gumba.

"Niliona," akasema.

"Na mimi niliona kwamba umeona. Nikasema moyoni, afadhali, sasa mtu ameona, na ni Mzee Burl. Nikangoja useme."

Burl akalikunja lile taulo.

"Ukasema maharage yamekolea."

"Yalikuwa yamekolea," Burl akasema, na papo hapo akatamani sakafu ya ukumbi ifunguke. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Mwanamume mzima, mjukuu anamwita babu, na hicho ndicho alichopata cha kumwambia.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alikuja kwenye ukumbi huu huu, amechomeka kijiti chenye bendera ya karatasi kwenye mtutu wa rivolva yake nyingine, kama wafanyavyo watu wanaouza huku wanatembea. Rodney Slone, mume wa Tonya, alimsimamisha karibu na meza ya visu. Akaishika, akaielekeza darini, akauliza inapiga vipi. Burl angeweza kumuuliza anaitakia nini. Huku kwao huwezi kumuuliza mwanamume anataka bastola ya nini, ni sawa na kumuuliza anafanya nini chumbani na mkewe. Basi akamjibu kuhusu bastola. Inapiga sawasawa, akasema, ila inavuta kidogo kushoto. Rodney akashukuru kwa heshima zote. Wakapeana mikono.

Mwezi wa Januari, ilipotokea, risasi ilikuwa imevuta kidogo kushoto. Daktari wa serikali alilisema hilo mahakamani bila kujua anamwambia nani, na Burl, aliyekaa safu ya nyuma na kofia magotini, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa jambo analolifahamu. Rodney alikwenda gerezani. Burl alikwenda nyumbani, na tangu siku hiyo maharage hayajampita kooni.

Chester alirudi na kahawa yake, na nyuma yake wakafuata wateja wawili: kijana mwenye kofia ya kuwindia ya rangi ya chungwa, na msichana aliyeshika gilasi ya karatasi ya maji ya limau. Kijana alikuwa na uso wa kupendeza na tabia ya kuomba radhi akimpita mtu. Alisimama mbele ya rivolva ya Tonya.

"Hii inakuja na huyu dada?"

"Inakuja naye," Chester akasema. "Lakini na huyu mzee tumeshazungumza."

"Mchukueni tu, sina shida. Nataka isiyo na mtu. Nyumba yetu ndogo, au siyo, Brandi?"

Msichana alikubali kwa kichwa. Hita sasa zilikuwa zimeshika, zinanguruma darini, na watu wote walikuwa wamevua makoti na kuyaning'iniza mkononi. Brandi alikuwa amevuta mikono ya sweta yake hadi kwenye vidole. Alimtazama Tonya, Tonya naye akamtazama, si usoni, mikononi.

"Haya, Burl, lete mkono," Chester akasema.

Burl akatoa mkono. Wakapeana, muhuri wa buluu kwa muhuri wa buluu, na biashara ikawa imekwisha. Chester akamsogezea ile yenye Tonya, akaichukua ile ya marehemu Mzee Stidham na kuiweka mbele ya kiti kitupu. Hakuwa ameondoa kiganja chake juu yake.

"Bwana mdogo, umezaliwa na bahati," akamwambia yule kijana. "Tazama kiti. Kitupu. Familia moja tangu ilipotoka kiwandani, na mwenyewe huyu hapa amesimama."

Kijana akaiinua, akaielekeza darini. Brandi akasogea kumpisha, na akainua gilasi anywe. Sweta ikarudi nyuma. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na alama za vidole, mbichi bado.

Burl aliziona. Alipoinua macho akakuta Brandi anamtazama, naye ameona kwamba Burl ameziona. Hakuzificha. Alisimama hivyo hivyo, gilasi karibu na mdomo, kama mtu aliyebisha hodi na kusikia nyayo zinakuja.

"Muulize," Tonya akasema.

Alilisema kwa sauti yake ya kawaida, na kila mtu karibu na ile meza alisikia. Aliyekuwa akipita kwenda chooni akapunguza mwendo. Kijana wa kofia ya chungwa alitabasamu, hajui hili wala lile, au anajua yote.

"Aniulize nini?"

"Tonya, mama," Chester akasema taratibu, "hapa hatuulizani mambo hayo. Tutakosa wateja."

"Muulize anaitakia nini, Mzee Burl. Maneno machache tu. Uko naye hapa."

Burl alifungua mdomo. Swali lilikuwepo, alilisikia limekaa juu ya ulimi, zito, na ladha ya chuma. Alikuwa na haki ya kuliuliza, na bastola ilikuwa ya baba yake. Angeweza hata kusema biashara imevunjika, Chester angefoka, basi, asingekufa mtu kwa Chester kufoka. Watu wapatao kumi walikuwa wanamtazama. Kati yao alimwona shemasi wa kanisa lao, na mwanamume aliyemfundisha kuendesha basi.

"Mzee?" kijana akasema kwa upole. "Inapiga vipi?"

"Inapiga vizuri," Burl akasema. "Hii haivuti kushoto. Inakwenda pale pale unapoielekeza."

"Ahsante sana, mzee wangu."

Chester akashusha pumzi. Mtu wa chooni akaendelea na safari yake. Kijana na Chester wakaanza kuzungumza bei, na kwa kuwa mazungumzo hayo hayana haraka, Brandi alizunguka meza, akaomba radhi, akaketi kwenye kile kiti kitupu ili apumzishe miguu. Kilimtosha. Aliweka gilasi sakafuni, akafunika vifundo vya mikono tena, akatulia akiangalia mbele yake kama wale wengine waliokaa kwenye mstari huo.

Tonya aliinuka, akaikunja sweta ya manjano na kumwekea Brandi magotini. "Baadaye panapoa," akamwambia.

Kule nje kulungu waliwapisha. Gari la Burl lilikuwa na viti vya nyuma, na Tonya hakwenda mbele ingawa alifunguliwa mlango. Alipanda nyuma ya dereva, mahali pake. Burl aliweka rivolva kwenye kisanduku cha vifaa, akarekebisha kioo cha juu, na hapo akamwona, macho wazi. Alipoingia kona ya kwanza alipunguza mwendo bila kufikiri, kama zamani.

"Sitapiki siku hizi," Tonya akasema.

"Samahani. Ni mazoea."

Walipita njia ya mto. Tonya alitaja vituo vya basi kimoja kimoja kadiri walivyovipita: hapa walipanda mapacha wa Caudill, hapa yule aliyekuwa na mbuzi. Burl alisema ndiyo, ndiyo, namkumbuka. Alitaka kumwomba radhi na alikuwa ameyapanga maneno tangu wiki iliyopita, maneno mazuri ambayo hata Nadine aliyakubali. Lakini yalikuwa maneno ya kosa moja. Aliyameza, akaendesha.

"Nilidhani nikishakuchukua wewe nitapumua," hatimaye akasema.

"Unapumua," Tonya akamjibu. "Nakuona kwenye kioo."

Nadine aliwasikia, akatoka barazani na aproni kiunoni. Alimkumbatia Tonya kwa muda mrefu, akamwambia amekonda, akamwingiza jikoni. Palikuwa na mkate wa mahindi ndani ya kikaango cha chuma, na maharage na nyama ya nguruwe, kwa sababu Nadine hupika anachopika bila kujali nani amegombana na chakula gani. Alimtafutia soksi. Alimpa kiti cha dirishani, kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa, na kumwekea sahani ingawa alijua haitaguswa. Kisha akamtazama mumewe.

"Na ile ya baba?"

"Imebaki kwa Chester."

"Imeuzwa?"

"Wanazungumza bei," Tonya alisema. "Ni mvulana na msichana. Msichana amevaa mikono mirefu."

Nadine alikausha mikono yake, kila kidole peke yake. Jikoni mle ulisikika mvuke wa birika na mbwa, yule wa mara ile, akijikuna chini ya meza.

"Mama Nadine," Tonya akasema, "hapa pana viti vitatu tu."

"Tumo watatu."

"Najua. Nawaza tu. Mzee Burl akija kwenda kumchukua msichana huyo naye, atakaa wapi?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Ukumbi hufungwa saa kumi na moja, na kutoka hapo hadi pale, mtu akiendesha kwa makini kwenye kona, anafika na kumkuta Chester bado anakunywa kahawa. Wote watatu walijua. Burl alisimama, akavaa koti, akapapasa mfukoni na kuzikuta funguo za gari. Nadine alikwenda dirishani kumtazama.

Alishuka ngazi za baraza. Alilifikia gari, akasimama, mkono juu ya boneti ambayo ilikuwa bado ya moto. Halafu akalipita, akaenda ghalani, akarudi amebeba kiti cha kukunja, akakifuta vumbi kwa mkono wa koti lake, na akakiweka mezani karibu na cha Tonya.